Tezi Linapouma: Historia ya Thairoidi na Maumivu Yaliyokosa Jina

Kiswahili hakikukosa majina ya uvimbe wa shingo. Mtoto akivimba chini ya masikio hata mashavu yakajaa, bara watasema ana matubwitubwi, na pwani watasema ana perema. Akivimba kooni mpaka kumeza mate kukawa kazi, ana mafindofindo. Na mtu mzima aliyebeba donge mbele ya shingo mwaka hadi mwaka, akalima nalo, akazaa nalo na kulea, huyo ana rovu. Ukiyatazama majina hayo utaona yamegawanywa kwa akili: matubwitubwi na mafindofindo huuma kisha huisha, rovu haliumi wala haliishi. Ila katikati ya makundi hayo imebaki hali moja isiyo na jina la kienyeji, na ambayo hata madaktari wa Ulaya hawakuitenga na nyingine mpaka mwisho wa karne ya 19. Ni pale tezi lilelile la rovu linapouma.

Ili tuelewe kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, yafaa kwanza tulijue tezi lenyewe. Madaktari huliita thairoidi. Limekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, nalo lina mabawa mawili yaliyolikumbatia bomba la hewa kushoto na kulia. Kwa mtu mzima mwenye afya lina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi, na kwa kawaida halionekani kwa macho. Kazi yake ni kuchukua iodini kutoka katika damu, ile ambayo pakiti za chumvi huiita madini joto, na kuitumia kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi kwa dakika, mtu asikie joto au baridi, chakula kipite tumboni upesi au polepole. Homoni hizo hazitoki zote mara moja. Tezi huziweka akiba katika vifuko vidogo vidogo, na akiba hiyo huweza kuutosha mwili kwa wiki kadhaa. Vifuko hivyo tuvikumbuke, kwa maana tutavirudia.

Jambo la pili ni ganda. Tezi limefunikwa na ganda jembamba, na sehemu kubwa ya maumivu ya thairoidi hutokana na ganda hilo kuvutwa ghafla. Tezi likikua taratibu kwa miaka ishirini, ganda nalo hulegea taratibu, na mwenye tezi hasikii kitu. Likivimba kwa siku mbili, ganda halipati nafasi ya kuzoea. Ndiyo maana mtu mwenye donge kama ngumi aweza kuwa hana maumivu hata kidogo, na mwingine ambaye shingo yake yaonekana ya kawaida akashindwa kugeuza kichwa.

Kwa karne nyingi walioandika juu ya tezi hili waliandika juu ya tezi lililonyamaza. Mwaka 1656 daktari wa London, Thomas Wharton, alichapisha kitabu kuhusu matezi ya mwili, naye ndiye aliyelipa jina linalotumika hadi leo, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la ngao. Kazi yake hakuijua. Miongoni mwa dhana zake ilikuwamo ya kwamba liliwekwa pale kuijaza shingo ipendeze, hasa kwa wanawake. Tusimcheke sana. Alikuwa anatazama kiungo kisicho na mfereji wa kutolea chochote, na wenye kukibeba kikiwa kimevimba walikuwa hawalalamiki maumivu.

Tiba ilitangulia maarifa. Waganga wa China walikuwa wakitumia mwani kutibu rovu tangu zama za kale, na Ulaya ya Zama za Kati iliunguza sifongo za baharini na kumpa mgonjwa majivu yake. Ilisaidia, na hakuna aliyejua kwa nini. Kisha mwaka 1811, Ufaransa ikiwa vitani chini ya Napoléon, Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti, na majivu ya mwani yalikuwa sehemu ya kazi hiyo. Alipozidisha asidi ya salfa, mvuke wa rangi ya urujuani ulipanda, ukagusa vyombo baridi na kuganda kuwa vipande vyeusi vinavyometa. Hiyo ndiyo iodini. Jean-François Coindet, daktari wa Geneva, akajumlisha moja na moja: ikiwa mwani na sifongo hupunguza rovu, na mwani una iodini, basi huenda dawa yenyewe ni iodini. Mwaka 1820 alitangaza kwamba amewapa wagonjwa wake na marovu yao yamepungua.

Furaha haikudumu. Watu walikimbilia dawa mpya bila kipimo, na baadhi yao wakaanza kukonda, kutetemeka mikono, na mioyo kwenda mbio. Coindet akalaumiwa vikali. Leo twaelewa kilichotokea: tezi lililozoea njaa ya iodini, likimiminiwa ghafla kwa wingi, laweza kutengeneza homoni kupita kiasi. Wakati ule hakuna aliyeweza kulieleza hilo, na dawa iliyokuwa sahihi ikaogopwa kwa miongo kadhaa.

Katika muda huo milima ya Alps iliendelea kujaa marovu. Sababu ilikuwa ardhini. Barafu za kale na mvua zilikuwa zimeosha iodini kutoka katika udongo, na kila kilichoota au kulishwa juu ya udongo huo, nyasi, viazi, maziwa, kilikuwa maskini wa madini hayo. Tezi lenye njaa hukua, likijitahidi kunasa kila chembe inayopita. Rovu likifikia kulibana bomba la hewa, kilichobaki kilikuwa kisu, na kisu chenyewe kiliua. Theodor Kocher, aliyekuwa profesa wa upasuaji mjini Bern, Uswisi, tangu 1872, aliibadilisha hali hiyo kwa usafi na kwa subira ya kufunga kila mshipa wa damu kabla haujamwaga. Alipasua matezi zaidi ya 5,000 katika maisha yake, na vifo vikashuka kutoka zaidi ya mmoja katika kila wagonjwa kumi hadi chini ya mmoja katika kila 100.

Lakini ushindi wake ulikuwa na gharama ambayo hakuiona mara moja. Mwaka 1883 alieleza hali ya watu aliokuwa amewaondolea tezi lote. Wengi walikuwa wamevimba uso, wazito wa fikra, wakisikia baridi, na waliopasuliwa wakiwa watoto walikuwa wameacha kurefuka. Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alikuwa amekwisha kuziona dalili hizo mwaka mmoja kabla. Ndipo dunia ilipojua kwamba tezi lile lililodhaniwa pambo lina kazi. Mwaka 1891 George Murray, huko Newcastle nchini Uingereza, alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa katika tezi la kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka mingine 28. Miaka michache baadaye Mjerumani Eugen Baumann akaikuta iodini ndani ya tezi lenyewe. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Maumivu, je? Si ajabu kwamba mmoja wa waliotangulia kuyaandika kwa makini alikuwa daktari wa masikio na koo. Mwaka 1895 Holger Mygind wa Copenhagen alichapisha taarifa ya wagonjwa 18 ambao matezi yao yalivimba na kuuma, yasitunge usaha, kisha yakapoa yenyewe. Kwa nini wagonjwa wa tezi wafike kwa daktari wa masikio? Kwa sababu njia za hisia za sehemu hiyo ya shingo zinashirikiana na zile za sikio, na ubongo hushindwa kupambanua habari imetoka wapi. Mgonjwa huja akisema sikio linamuuma, au taya, au jino la mwisho. Sikio likikaguliwa ni safi. Jino hung'olewa, na usiku ule maumivu yako palepale. Pengine baada ya siku chache huhama kutoka upande mmoja wa shingo kwenda wa pili, na hapo mgonjwa mwenyewe huanza kuona haya kueleza, akichelea kuambiwa anajisingizia.

Aliyeupa ugonjwa huo nafasi yake katika vitabu ni Fritz de Quervain. Alizaliwa Uswisi mwaka 1868, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa daktari wa upasuaji katika La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa. Jina lake linajulikana pia kwa maumivu ya kano za kidole gumba, yanayowapata sana akina mama wanaoinua watoto wachanga, ambayo aliyaeleza mwaka 1895. Mwaka 1904 alichapisha utafiti wake juu ya uvimbe mkali wa thairoidi usio na usaha. Kwa wakati wake hilo halikuwa jambo dogo. Zilikuwa zama za bakteria: Koch na Pasteur, mabingwa wa uchunguzi wa vijidudu, walikuwa wamewazoesha madaktari kuamini kwamba palipo na joto, wekundu na maumivu, kijidudu kipo, na usaha hauko mbali. De Quervain alisema kuna tezi linalowaka moto na kuuma lakini halitungi usaha, na kulipasua kwa haraka ni kosa. Mwaka 1918 alikabidhiwa kiti cha Kocher mjini Bern, na mwaka 1936, pamoja na mwenzake Giordanengo, alirudi kwenye somo hilohilo akiwa na darubini, akaonyesha chembe kubwa kupita kawaida zilizojazana mahali ambapo vifuko vya homoni vilikuwa vimepasuka.

Kabla ya hapo, mwaka 1912, daktari kijana wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alikuwa ameeleza matezi ya wanawake wanne yaliyojaa chembe nyeupe za damu. Hayo hayakuuma. Kwa miongo mingi magonjwa hayo mawili yalichanganywa, mpaka mwaka 1956 watafiti wa London walipoonyesha kwamba katika ule wa Hashimoto mwili wenyewe hutengeneza silaha dhidi ya tezi lake. Tofauti hiyo ina maana mpaka leo. Ugonjwa wa Hashimoto hula tezi polepole na kimya, na mara nyingi humwacha mgonjwa akitumia vidonge vya homoni maisha yote. Ule wa de Quervain huja kwa kishindo na, kwa walio wengi, huondoka.

Sasa tuvirudie vile vifuko. Katika ugonjwa wa de Quervain uvimbe huvipasua, na akiba ya homoni humwagika katika damu bila utaratibu. Kwa wiki tatu hadi sita mgonjwa huwa na maumivu ya shingo, homa, uchovu kama wa malaria, na juu ya hayo moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka. Akiba ikiisha, na tezi likiwa bado halijapata nguvu ya kutengeneza nyingine, mambo hugeuka: mwili hupoa, usingizi huwa mwingi, choo huwa kigumu. Hatua hii ya pili yaweza kuchukua miezi, na kwa kawaida haina maumivu, hivyo wengi hawaiunganishi na ile ya kwanza. Baada ya hapo tezi hujijenga upya. Wachache, kati ya watu 5 na 15 hivi katika kila 100, hubaki na upungufu wa kudumu.

Ukiuelewa mwendo huo utaelewa pia kwa nini baadhi ya dawa hazifai kitu hapa. Dawa za kuzuia tezi lisitengeneze homoni hazisaidii, kwa kuwa tatizo ni ghala lililobomoka na kiwanda hakina hatia. Antibiotiki nazo hazisaidii, kwa kuwa hakuna bakteria wa kuuawa. Kinachosaidia ni dawa za kutuliza uvimbe, kama aspirini au ibuprofeni, na dawa ya kupunguza mbio za moyo ikihitajika. Maumivu yakiwa makali daktari huandika prednisoloni, na hiyo huyakata kwa siku moja au mbili, kwa namna ambayo mgonjwa huhisi kama muujiza. Yakigoma kukatika, daktari makini hurudi nyuma na kujiuliza kama jina la ugonjwa ni lile kweli.

Chanzo chake kimebishaniwa kwa zaidi ya miaka 100. Cha kwanza kushukiwa ni kifua kikuu, maana zile chembe kubwa za kwenye darubini hufanana na za kifua kikuu. Lakini vijidudu vyake havikupatikana, na wagonjwa walipona bila dawa zake, jambo ambalo kifua kikuu cha tezi hakifanyi. Kisha ikaja hoja ya virusi. Wagonjwa wengi husema walikuwa na mafua au koo wiki chache kabla ya shingo kuanza kuuma, na mwaka 1957 madaktari wa Israel waliripoti matezi yenye maumivu wakati wa mlipuko wa matubwitubwi. Hoja ya tatu inatazama damu ya ukoo: tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba wagonjwa wana alama moja ya kurithi, HLA-B35, mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Hoja ya virusi ikapata nguvu mpya mwaka 2020, madaktari wa Pisa, Italia, walipoeleza msichana wa miaka 18 aliyepata ugonjwa huu wiki chache baada ya kuambukizwa korona, na taarifa nyingi za namna hiyo zikafuata kutoka nchi mbalimbali. Mimi naona hoja mbili za mwisho zinasaidiana zaidi kuliko zinavyopingana. Virusi hupita kwa watu wengi sana, na wanaopata maumivu ya tezi ni wachache. Lazima kuwe na kitu katika mwili wa hao wachache kinachofungua mlango. Lakini kirusi kimoja maalumu cha kubebeshwa lawama yote hakijapatikana, na huenda hakipo.

Na usaha, ule ambao wazee wa zama za bakteria waliutarajia kila mahali? Upo, ila ni nadra. Tezi lina damu nyingi, lina ganda, na lina iodini ambayo vijidudu haviipendi. Likitunga usaha, hasa kwa mtoto, na zaidi katika bawa la kushoto, huwa pana sababu. Mwaka 1979 madaktari wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na kijishimo chembamba kinachotoka kooni hadi karibu na tezi, na chakula na mate hupitisha vijidudu humo. Mtoto anayerudiwa na jipu la shingo upande huohuo, akapasuliwa, likapona na kurudi, anahitaji mtu wa kukitafuta kijishimo hicho.

Kwetu Afrika Mashariki na Kati, njia ya maumivu mara nyingi hupitia kwenye rovu la zamani. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pamoja na maeneo ya milima ya Kenya na ya Kivu, mashariki mwa Kongo, zina udongo ulioosheka kama ule wa Alps. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, Michigan nchini Marekani ikafuata 1924. Kenya ililifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 1978. Tanzania, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa 1973, ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na chumvi yenye madini joto ikaja kwa nguvu ya sheria katika miaka ya 1990.

Hapa pia maelezo mepesi ya udongo ulioosheka yaligonga mwamba mara mbili. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watafiti wa Kibelgiji na wa Kongo waliona kuanzia miaka ya 1960 kwamba rovu lilijaa kaskazini na lilikuwa adimu kusini-magharibi, ilhali iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili. Walichokikuta ni muhogo: ukiliwa kwa wingi bila kulowekwa na kukaushwa vizuri, sumu yake hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia iodini kuingia katika tezi. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 upungufu ulionekana hata Zanzibar, visiwa vilivyozungukwa na bahari, ambako watu waliamini samaki na chumvi ya pwani vinawatosha. Chumvi inayoanikwa juani kando ya bahari, ile ya mawe inayopimwa kwa kibaba sokoni, hubaki na iodini kidogo sana isipotiwa kwa makusudi.

Rovu lililokaa muda mrefu huota vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huwamo mishipa dhaifu ya damu. Siku moja mama anainua ndoo ya maji, au anakohoa kwa nguvu, na mshipa mmoja hupasuka. Damu hujaa ndani ya kinundu, ganda huvutwa, na donge lililotulia miaka 15 huuma na kuongezeka kwa saa chache tu. Damu ikiwa kidogo, hunyonywa na mwili na maumivu hupungua ndani ya siku kadhaa. Ikiwa nyingi, hulibana bomba la hewa. Saratani ya tezi, ambayo ndiyo huja kwanza akilini mwa mtu akishika donge, kwa kawaida haiumi. Inayouma ni ile adimu na kali ya wazee, ambayo hukua wiki hadi wiki, mara nyingi juu ya rovu la zamani, na kuibadilisha sauti.

Mtu aende lini kwa daktari, basi? Yako mambo ambayo hayangoji asubuhi: kupumua kwa sauti ya kukwaruza, kushindwa kumeza hata mate, uvimbe unaokua kwa saa au siku, au shingo nyekundu yenye homa kali. Anayetumia kabimazoli au dawa nyingine ya kutuliza tezi linalozidisha homoni, akapata homa na koo kuuma, aache dawa na kwenda siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu, kwa kuwa dawa hizo mara chache huzifuta chembe hizo, na koo linalouma huwa tangazo la kwanza. Yasiyo ya dharura lakini yasivuke wiki moja au mbili ni maumivu ya chini ya koromeo yanayopanda sikioni au tayani pasipo sikio wala jino bovu, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, sauti iliyokauka bila mafua, na donge jipya hata kama haliumi. Mjamzito na mama aliyejifungua karibuni wasisubiri hata hizo wiki mbili. Na pale ambapo koo linalouma bado hupelekwa kwa mkata kimeo, ni vizuri ijulikane kwamba wembe hauna la kufanya kwa tezi lililo nje ya koo kabisa, ila waweza kuleta damu na maambukizi.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyohofu. Daktari humketisha mgonjwa, humpa kikombe cha maji, kisha husimama nyuma yake na kuweka vidole vya mikono miwili chini ya koromeo. "Piga funda, mama, usimeze kwanza. Haya, meza." Kinachopanda na kushuka pamoja na koromeo ni thairoidi; mtoki wa shingo haupandi hivyo. Mwenye rovu tulivu huendelea kuzungumza. Mwenye ugonjwa wa de Quervain huudaka mkono wa daktari hata kabla haujatua vizuri. Kisha hutolewa damu ya vipimo vya homoni, na cha ESR, kinachotazama chembe nyekundu zinazama upesi kiasi gani katika kijibomba. Katika ugonjwa huu huzama upesi sana. Penye shaka ya usaha, damu au kinundu, ultrasaundi huonyesha. Kabla ya kuandikiwa prednisoloni, mgonjwa amwambie daktari kama ana vidonda vya tumbo, kisukari, au amewahi kuugua kifua kikuu, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kuviamsha.

Baada ya hapo mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki sita, apimwe damu tena, na kisha tena baada ya miezi michache. Hapo ndipo wengine hupotea. Shingo imeacha kuuma, nauli ni ile ile, shamba linangoja, na uchovu na baridi vinavyoanza kuingia taratibu mwezi wa tatu havifanani hata kidogo na ugonjwa ule uliowapeleka hospitali.